Barua kwa Exaucée

Treni ya kutoka Kabalo ilikuwa imechelewa siku mbili, na ilipoingia kituo cha Kamina asubuhi ile ya mwezi wa sita, watu walijaa hadi kwenye reli. Wanawake walishusha vikapu vya samaki wakavu kupitia madirishani. Askari wa Base, kambi kubwa ya jeshi, walipokea wake zao na magodoro yao. Baridi ya kiangazi cha uwanda ule wa juu ilikuwa kali, na abiria waliotoka kwenye joto la mtoni walishuka wakijikumbatia wenyewe.

Baridi hiyo ndiyo iliyomlisha Mauwa Kaumba. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye kitenge cha manjano na sweta la zambarau alilolifuma mwenyewe, na kila treni ilipofika alisimama pale na kofia na sweta za watoto zikiwa zimening'inia mkononi. Siku hiyo alikuwa ameuza kofia nne alipopitwa na kijana mmoja wa breki za treni, mwenye ovaroli ya bluu iliyolowa grisi. Shingoni alikuwa na skafu ya rangi ya tofali. Mauwa aliikamata ncha yake kabla hajajua anafanya nini.

"Madame, unaninyonga," alisema kijana yule.

"Simama kidogo." Mauwa aliigeuza skafu upande wa pili, akaipapasa kingo zake kwa kidole gumba. Zilikuwa zimenyooka kabisa, vitanzi vimepangana kama mnyororo. "Nani njo alifuma hii kintu?"

Kijana aligeuka nyuma. Wenzake watatu wa treni walikuwa wanakuja, wakicheka jambo lao. "Mwanamuke moya wa Kabongo," alisema haraka.

"Jina yake?"

"Exaucée."

"Mumwambie huyo mama Exaucée, Mauwa wa Kamina anamutafuta. Nataka anifundishe pembeni."

"Katikati unajua?"

"Katikati najua. Pembeni njo panaleta haya."

Alikuwa anasema kweli. Mtindo ule wa kufuma umepewa jina la mkate wa Kifaransa, brioche, kwa vile ni mnene na laini na unavimba mkononi. Mauwa alijifunza nusu yake kwenye video za simu: kitanzi kimoja unakihamisha na kukivisha uzi begani, na mstari unaofuata unakifuma pamoja na uzi wake. Katikati palitoka pazuri. Kingoni palilegea, pakapinda huku na huku kama ulimi wa kiatu kikuukuu. Wiki moja kabla, mama Lucienne, mwenye duka la ushonaji karibu na soko, aliinua skafu yake mbele ya wateja na kusema, "Hii uliifumia ndani ya treni yenye kutembea?" Wateja walicheka. Kwaya ya parokia ilitaka skafu kumi na mbili kwa ajili ya jubilei ya mwezi wa nane, na mama Lucienne alikataa kumpa kazi hiyo mtu ambaye kingo zake zinatembea. Mauwa alirudi nyumbani kwa hasira, na tangu siku hiyo hasira ile haikupoa.

"Minyi naitwa Nyembo," alisema kijana wa skafu. "Nitamuuliza. Nipe numero yako."

"Ya nini?"

"Ya kukuletea majibu. Weye unafikiri nini?"

"Nafikiri una macho mengi kwa muntu mwenye kuleta majibu tu," alisema Mauwa, lakini alimpa.

Simu ilikuja siku ya tatu, saa nane mchana, mtandao ukikatika.

"Exaucée anauliza, kitanzi cha kwanza cha mustari unakivalisha uzi?"

"Navalisha. Si njo brioche?"

"Anasema hapo njo unakosea. Pembeni hakuna kuvalisha. Kitanzi cha kwanza usikifume, ukihamishe tu, uzi ukiwa mbele. Kisha urudishe uzi nyuma na uanze kazi yako. Kitanzi cha mwisho ukifume peke yake. Kila mustari vile vile."

"Subiri, niandike."

"Usiandike. Chukua sindano. Niko hapa."

Mauwa aliegemeza simu kwenye sufuria, akachukua sindano zake, akafuma mistari sita huku Nyembo akisikiliza. Alipoulizwa kama kitanzi cha pembeni kimekaza, alisema ndiyo. "Kimekaza kama uso wa papa yangu siku ya uchaguzi," alisema, na upande wa pili mwanaume yule alicheka kicheko kizuri, cha polepole, ambacho Mauwa alikibeba siku nzima.

Basi ikawa hivyo. Treni ikienda Kabongo, kwenye njia ya Kabalo, Mauwa anatuma swali. Treni ikirudi, Nyembo anakuja na jibu, na baada ya jibu anakaa. Alikaa kwenye kiti cha mbao uani kwa akina Kaumba, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, miguu yake mirefu ikiwa imenyooshwa mbele, na mzee Kaumba, baba yake Mauwa, dereva wa treni aliyestaafu, alimuuliza habari za kila daraja la njia ya Kabalo. Nyembo alikuwa akichechemea kidogo. Alisema alianguka kutoka kwenye ngazi ya behewa siku ya mvua, kosa lake mwenyewe, akavunjika mguu, akalala miezi minne hospitalini Kabongo.

"Na ni kule njo ulimujua Exaucée?" aliuliza Mauwa.

"Ni kule."

"Iko muzuri?"

"Iko na meno mingi," alisema Nyembo, na Mauwa akampiga bega kwa donge la uzi.

Kingo zilinyooka. Mwezi wa saba, Mauwa alipeleka skafu ya mfano kwa mama Lucienne, akaiweka mezani. Mama Lucienne aliipindua mara tatu akitafuta kosa. Kisha alisema, "Bon. Kumi na mbili. Nyeupe." Mauwa alitoka pale akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku hiyo alinunua kitenge kipya chenye maua ya kijani, akampa Nyembo ampelekee Exaucée. Na ndani ya kitenge aliweka barua.

Aliiandika kwenye karatasi mbili za daftari, mlango ukiwa umefungwa. Alimwandikia Exaucée kwa sababu mama yake alikuwa amekufa, na dada yake mkubwa, yaya Gisèle, hakuwahi kutunza siri hata ya chumvi. Alieleza habari za mchumba wake wa kwanza, na mimba iliyotoka ikiwa na miezi minne, na jinsi yule mwanaume alivyoondoka wiki hiyo hiyo bila kumwambia hata kwaheri, kana kwamba yeye Mauwa ndiye aliyeharibu kitu chake. Hakuwahi kumwambia mtu. "Mama Exaucée," alimalizia, "unamujua Nyembo kunipita. Minyi nimeanza kumupenda, na naogopa. Uniambie ukweli, mwanamuke kwa mwanamuke. Ni muntu wa kubakia, ao ni muntu wa kwenda?"

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, katika bahasha iliyofungwa kwa gundi, kwa herufi zilizolala upande. Lilimshukuru kwa kitenge. Lilimpa pole kwa mtoto aliyepotea, kwa maneno machache na ya upole yaliyomliza Mauwa. Na chini kabisa: "Anabakia."

Mauwa aliilaza karatasi ile chini ya mto wake. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Nyembo alipomshika mkono kando ya barabara yenye miembe na vumbi, hakuuondoa.

"Leo haupigane na minyi?" alisema Nyembo.

"Leo nimepumzika."

"Basi nitumie nafasi. Sheri yangu, minyi nakupenda."

"Nasikia," alisema Mauwa. Walipofika kwenye kona ya soko akasema, "Na minyi vile vile. Usisemeseme sana."

Mwanzoni mwa mwezi wa nane, Gisèle alikwenda Kabongo kwenye kilio cha shangazi wa mume wake. Mauwa alimpa kofia mbili za watoto ampelekee Exaucée, akamwambia aulize hospitalini, pale wanamjua. Simu ya Gisèle ililia mchana wa Jumatano, Mauwa akiwa ameketi uani anafuma skafu ya kumi na moja.

"Mauwa, uko umeikala?"

"Niko nimeikala, yaya. Umemuona?"

"Hakuna muntu."

"Ameenda shambani?"

"Unisikilize. Hakuna Exaucée. Hapa ku hospitali haiko, ku parokia haiko, ku soko haiko. Nimeuliza batawa, masœurs ba ku hospitali. Moya, wa zamani, alicheka. Anasema, mwenye kufuma hapa alikuwa kijana wa treni mwenye muguu wa kuvunjika. Njo yeye masœur alimufundisha, na spoku za baiskeli. Anasema alifuma miezi mine bila kupumzika, na pembeni yake ilikuwa muzuri kupita ya masœur mwenyewe. Mauwa? Uko unanisikia?"

Mauwa alikuwa anasikia. Kwanza alitaka kucheka. Mwanaume mzima, mwenye ovaroli na mikono ya grisi, kuficha sindano zake kama mwizi. Kicheko kilifika kooni, kisha akaikumbuka barua.

Aliingia ndani, akaitoa karatasi chini ya mto, akaisoma tena. *Pole mama kwa mtoto.* Herufi zilizolala upande. Akilini alimwona Nyembo amekaa mahali fulani, kwenye behewa, ulimi umebana katikati ya meno, akilaza herufi zake ili zifanane na za mwanamke. Hakulia. Aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akavaa viatu.

Treni ilifika saa tisa. Nyembo aliruka chini akiwa na tabasamu lake, akamwona Mauwa, na tabasamu likabakia peke yake usoni kwa muda kabla ya kufutika.

"Nipeleke kwa Exaucée," alisema Mauwa.

"Mauwa..."

"Nataka kumushukuru. Anaikala wapi? Ndani ya ovaroli yako?"

"Nilitaka kukuambia."

"Siku gani? Mbele ya kufungua barua, ao kisha?"

Nyembo alitazama chini. "Siku ya kwanza nilisema uongo kwa sababu ya benzangu. Benyewe banachekaka. Nikafikiri ni siku moya tu, haitarudia. Kisha ukaanza kuuliza maswali muzuri, na nikawa na furaha ya kujibu, na..."

"Barua, Nyembo. Uliisoma mara ngapi?"

"Mingi."

"Mingi." Mauwa alivuta pumzi. "Ningeandika kwa mbwa, mbwa angeirudisha. Ile kintu sikumwambia papa yangu. Sikumwambia padri. Nilimuambia mwanamuke, kwa sababu nilifikiri ni mwanamuke. Na weye ulikaa chini, ukajiandikia cheti. *Anabakia.* Nani alikuuliza?"

"Weye uliuliza."

Lilikuwa jibu baya kuliko yote aliyoweza kutoa, na alilijua lilipokuwa bado mdomoni. Mauwa alimtazama mpaka akarudi nyuma hatua moja.

"Niliogopa," alisema Nyembo kwa sauti ndogo. "Ningesema ukweli, ningekupoteza. Ningenyamaza, ungefikiri Exaucée amekuhukumu juu ya mutoto. Sikujua kufanya nini. Niliandika kile kilikuwa kweli."

"Kitenge yangu iko wapi?"

"Kwetu, ndani ya sanduku. Sikuikata."

"Mwanaume anaogopa bantu bamucheke juu ya sindano," alisema Mauwa. "Ile njo haya yako yote. Minyi haya yangu nilikupa yote, ku karatasi mbili, na sikujua nampa nani. Usinipigie simu."

Alipiga. Alipiga asubuhi na mchana, na Mauwa aliitazama simu ikitetemeka mezani kama mdudu aliyepinduliwa. Alimaliza skafu ya kumi na mbili kwa hasira tupu, na mama Lucienne akasema hajawahi kuona kazi iliyokaza vile. Kwaya iliimba jubilei ikiwa na shingo nyeupe, wanawake kumi na wawili wenye kingo zilizonyooka, na Mauwa aliketi benchi la nyuma, akachukia kwamba kila ukingo ulikuwa na sauti ya Nyembo ndani yake. Baba yake alimuuliza mara moja tu kijana wa madaraja amekwenda wapi. Mauwa alisema, "Anafuma." Mzee akadhani ni neno jipya la vijana.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo treni ya Lubumbashi ilisubiriwa tangu saa mbili. Watu walikuwa wametandika mikeka kwenye simenti. Mauwa alifika na mzigo wake wa sweta, akaona kundi la watu karibu na mlango wa ofisi ya tiketi, na akasikia vicheko. Alisogea.

Nyembo alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia, ndani ya ovaroli yake ya kazi, na spoku mbili za baiskeli mikononi. Alikuwa anafuma. Uzi ulikuwa wa bluu, kazi imefika urefu wa mkono, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa namna ambayo hata ngozi nyeusi haikuweza kuificha. Mama mmoja wa samaki alimuuliza kama anajua pia kunyonyesha. Nyembo alisema, "Hapana, mama. Nafuma tu," akaendelea. Alikuwa pale, muuza mandazi alimnong'oneza Mauwa, tangu alfajiri. Na jana pia. Na juzi.

Mauwa aligeuza mgongo, akapanga sweta zake. Alijiambia hilo halimhusu. Aliuza kofia moja, akakosea kurudisha chenji.

Kisha alikuja Marc, mwenzake Nyembo wa breki, mwenye kifua kipana na sauti ya kuita mabehewa. "Benzangu, muone," alisema, "tuko na mademoiselle ku treni, na hatukujua." Aliinyakua ile kazi. Nyembo aliinuka, mguu mbaya ukamsaliti, na Marc akachomoa spoku moja na kuipunga juu. Vitanzi vikaachia. Anayejua brioche anajua kilichofuata: kila kitanzi kina uzi wake begani, na vikianguka huanguka viwili viwili, vinashuka kama maji.

Mauwa hakukumbuka baadaye jinsi alivyolivuka kundi lile.

"Rudisha," alisema.

Marc alitabasamu. "Madame, tunacheza."

"Weye ile suruali yako nani alishona? Si tailleur Monga? Monga ni mwanaume, anashonaka hata blauzi za bibi yako, na unamuita papa. Mupishi wa Base ni mwanaume na unakula. Uyu amekaa siku tatu hapa, mbele ya macho ya bantu bote, na kazi yake. Weye kazi yako ku mikono ni gani? Nionyeshe. Kile unajua kufanya ku hii dunia bila kubomoa cha mwingine, unionyeshe, tucheke na shiye bote."

Mama wa samaki alisema, "Ni kweli, rudisha kintu ya muntu." Marc aliangalia huku na huku akitafuta mwenye kucheka naye, hakumpata, akairudisha ile kazi pamoja na spoku.

Mauwa aliketi juu ya kreti. Alichomoa sindano nyembamba kichwani mwake, aliyozoea kuichomeka kwenye kilemba, akaanza kuokoa vitanzi. Alikipandisha kila kimoja na uzi wake, kimoja, kimoja, akihesabu kwa midomo. Cha pembeni alikihamisha tu, uzi ukiwa mbele. Nyembo alichuchumaa kando yake, akishika kazi isivutike. Watu walirudi kwenye mikeka yao.

"Umenisamehe?" aliuliza Nyembo hatimaye.

"Hapana. Ule mwenzako nilimukasirikia kwa sababu ni mujinga. Weye nakukasirikia kwa sababu hauko mujinga."

"Naelewa."

"Hauelewe. Siku ile nilisoma jibu yako nililia. Nilikuwa nafikiri kuna mwanamuke moya ku hii dunia amenisikia. Umenipokonya mwanamuke yule, Nyembo. Nilikuwa namupenda."

Nyembo alijibu kwa sauti iliyokwaruza. "Mutoto wako, niliomba juu yake. Si Exaucée. Minyi. Kila tunapitaka ku kanisa ya Kabongo. Nilitaka ujue ile, hata ukinifukuza."

Mauwa aliendelea kufuma mstari mmoja mzima. Kitanzi cha mwisho alikifuma peke yake. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa vile mikono ilikuwa na kazi.

"Tangu leo," alisema, "kila kintu unanisemea na kinywa yako. Kibaya ao kizuri."

"Basi niseme kimoja sasa. Nataka kukuoa."

"Weye hauna haya kabisa."

"Nilikuwa nayo. Iliisha Alhamisi, hapa, karibu saa ine."

Alitaka kutocheka, akacheka, na akakasirika kwa kuwa amecheka.

Jumapili ile Nyembo alikwenda kwa mzee Kaumba, amevaa shati jeupe na suruali yenye mkunjo. Mauwa alimlazimisha aeleze yote, tangu skafu hadi barua, isipokuwa lile lililokuwa ndani ya barua, ambalo Mauwa alilisema mwenyewe. Hakuwahi kulisema kwa sauti kabla ya siku hiyo. Mzee alisikiliza akiwa ameshika magoti yake. Mauwa alipomaliza, mzee alimvuta binti yake, akamkalisha kando yake kama alivyomkalisha zamani kwenye kiti cha dereva, na wote wawili wakawatazama kuku wakipita na kurudi.

Kisha mzee alimtazama Nyembo, akamtazama sana. "Uyu muntu," alimuuliza Mauwa, "unamutaka?"

"Namutaka, papa. Lakini ningali na hasira yake."

"Ya kuisha lini?"

"Sijue. Pengine mwaka uyu. Pengine hapana."

Mzee Kaumba aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti cha tatu. Alikiweka mbele ya Nyembo, aliyekuwa bado amesimama.

"Ikala," alimwambia. "Itakuwa siku murefu."